Neno Nililomwandikia Mzee Issa

Salome alinipigia simu Jumanne moja asubuhi, nikiwa nimechuchumaa nakamua. Nyumbani kwangu Zuzu nina ng'ombe watatu wa maziwa, na wakati wa kukamua sipokei simu ya mtu yeyote, lakini siku hiyo iliita mara tatu mfululizo, nikajua kuna jambo. "Eunike, umekaa?" akaniuliza. Nikamwambia nimechuchumaa, aseme tu. "Mzee Issa wa chuoni amefariki. Wamemzika jana kwao, Kwa Mtoro. Nimeambiwa arobaini yake wataifanya baada ya mavuno." Mkono wangu ukasimama kwenye chuchu, na ng'ombe akageuza shingo kunitazama kwa nini nimeacha. Salome akauliza kama tutaenda. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali. Kisha nikaendelea kukamua, maana ng'ombe hajui msiba, na katika ule mlio wa maziwa kwenye ndoo nikaanza kuukumbuka mwaka mmoja ambao nimeusimulia kwa watu wachache sana, ingawa ndio ulionifanya niwe mtu ninayeweza kuaminiwa na ng'ombe wa mwenzake.

Nilikuwa na miaka ishirini. Chuo chetu kilikuwa kidogo, nje kidogo ya mji wa Mpwapwa, chini ya milima, na kilishafungwa zamani. Majengo yake leo yana wenyewe wengine. Jina lake sitalitaja, kwa sababu baadhi ya waliokiendesha wangali hai na wana wajukuu wanaojua kusoma. Mimi na Salome tulilala chumba cha mwisho cha bweni la wasichana, chenye vitanda viwili vya chuma na dirisha moja lisilofungika vizuri, linaloangalia banda la ng'ombe. Wengine walikikataa chumba kile kwa sababu ya harufu. Sisi tulikuja kukipenda, maana kutoka pale tulisikia kila kitu: ndoo zikigongana alfajiri, redio ya mhudumu wa banda ikikoroma taarifa ya habari, na sauti yake mwenyewe akizungumza na ng'ombe kwa Kisandawe, lugha yake yenye vidoko. Kwa masikio yetu ilikuwa kama mtu anayepiga kidoko cha kusikitika, kisha anabadili mawazo, kisha anasikitika tena. Salome, mtu wa Moshi, alikuwa akimwigiza tukiwa tumejilaza, nami nilicheka sana. Sijivunii jambo hilo, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Mhudumu huyo ndiye Mzee Issa. Nasema mzee kwa heshima tu. Nikipiga hesabu sasa naona hakuwa amefika hata miaka hamsini. Alikuwa mfupi, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni hata wakati wa jua kali, na hakunywa maziwa kabisa. Chai yake ilikuwa ya rangi, aliyoichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa ndani ya chumba chake kimoja kando ya banda. Ukimkaribisha maziwa alisema, "Mimi najua yanakotoka." Wanafunzi hakutupenda. Alituona tunakuja na madaftari, tunaandika kila kitu, ng'ombe akijisaidia tunaandika, kisha tunaondoka hatujui kumfunga hata kamba. "Mnaandika sana," ndiyo salamu yake alipotujibu shikamoo. "Marahaba. Mnaandika sana."

Aliyetufundisha kuandika alikuwa Mwalimu Komba, mtu wa Songea, mpole, aliyependa Kiingereza kama wengine wanavyopenda muziki. Mitihani yetu ilikuwa kwa Kiingereza na aliogopa tutafeli kwa lugha na si kwa ng'ombe, kwa hiyo kila Jumatatu aliandika ubaoni kitenzi kimoja ambacho tulipaswa kukitumia wiki nzima. Jumatatu moja aliandika "manipulate". Akapandisha mkono wa shati mpaka begani, akaingiza mkono ndani ya gunia ambamo alikuwa ameweka kichwa cha ndama kilichochongwa kwa mti, akafumba macho. "Neno hili limetoka kwenye mkono," akasema. "Ni kukishika kitu na kukiongoza kwa ustadi. Ndama amelala vibaya tumboni, humvuti. Unamgeuza, unamwongoza, polepole, mpaka anyooke. Hiyo ndiyo manipulate." Na kweli kile kichwa cha mti kikatoka mdomoni mwa gunia kikiwa kimenyooka, darasa zima tukapiga makofi. Nililipenda neno lile kuliko yote aliyotupa. Lilikuwa refu, lilikuwa na heshima, na lilifanya kazi chafu ionekane kama ya mtu aliyesoma. Wiki ile kila nilichokishika nilisema nimeki-manipulate: kijiko cha maharage bwaloni, pasi ya mkaa, hata kitasa cha mlango wetu kilichokuwa kinakwama.

Salome hakukubaliana nami. Alikuwa na mchumba Morogoro aliyemwandikia barua za kumlaumu: mbona hujibu haraka, mbona wenzako wanawajali watu wao, au umepata mwingine. Jioni moja tukiwa tunakula ugali na mlenda chumbani, kwa sababu bwaloni maharage yalikuwa na wadudu, aliikunja barua moja akaitupa chini ya kitanda. "Huyu mwanaume ananimanipulate," akasema. Nikacheka. "Amekushika wapi, yeye Morogoro wewe Mpwapwa?" Akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Si mkono, Eunike. Akili. Anataka nijione mkosaji ili nifanye anachotaka. Huko nako ni kumanipulate mtu." Nilimwambia anakosea, Mwalimu hakusema hivyo, neno hilo ni la ustadi. Akanijibu kwamba hata mchawi ana ustadi. Nilikuwa na uhakika kwamba mimi ndiye niliye sahihi. Nimeishi muda mrefu vya kutosha kujua kwamba mtu anayejua maana moja tu ya neno ni hatari kuliko asiyelijua kabisa.

Alhamisi ya wiki ileile zamu ya banda ilikuwa yangu. Mwalimu Komba alikuwa amekwenda Dodoma mjini kwa mkutano. Nilipofika saa moja asubuhi nilimkuta Mzee Issa amesimama nyuma ya mtamba aliyeitwa Sikitu, uzao wake wa kwanza, ng'ombe ambaye chuo kizima kilimsubiri. Chupa ilikuwa imeshapasuka, kwato mbili ndogo zimechungulia, na hakuna kilichoendelea. Mkono wa kulia wa Mzee Issa ulikuwa umefungwa kitambaa. Akanitazama, akatazama mikono yangu, akasema, "Binti, osha. Mpaka begani." Nikamwambia wanafunzi haturuhusiwi kumzalisha ng'ombe bila Mwalimu. "Mwalimu yuko Dodoma," akasema. "Ndama yuko hapa." Kisha akafungua kile kitambaa. Vidole viwili vilikuwa vimevimba kama viazi vitamu, vyeusi. Jana yake fahali alimbana kwenye nguzo ya lango, naye hakumwambia mtu, kwa kuwa Meneja mpya wa shamba alikuwa ametangaza kwamba mhudumu asiyeweza kazi arudi kwao akapumzike. "Huu hauingii," akasema akiuficha tena. "Wako mwembamba. Unajua la kufanya, mmefundishwa." Nikasema najua.

Hakuna gunia linaloweza kukufundisha joto lile. Mkono uliingia hadi kwenye kiwiko na dunia yote ikawa mkononi. Macho yangu yalikuwa wazi lakini hayakuona kitu. Nikapapasa miguu miwili ya mbele, nikatafuta kichwa hakipo. Nikamwambia. "Kimegeuka ubavuni," akasema. "Pita kando ya shingo, ufuate." Nikafuata, nikafika kwenye taya, kidole changu kikaingia mdomoni, na ndama akaking'ang'ania. Alikuwa ananyonya. Nilipiga kelele ya furaha, "Yuko hai!" Mzee Issa akasema kwa sauti ya chini, "Vizuri. Sasa sukuma kifua kirudi ndani." Sikumwelewa. "Si tunamtoa, baba?" "Sukuma kwanza. Ukivuta sasa unavuta shingo iliyokunjwa. Mrudishe, apate nafasi, ndipo umgeuze. Mama akisukuma wewe subiri. Akipumzika ndipo ufanye." Nilijaribu. Nasema kweli, nilijaribu mara mbili, na kila nilipomrudisha ndama uchungu wa Sikitu ulikuja ukaubana mkono wangu kwenye mfupa mpaka nikaona nyota. Mara ya tatu nikaogopa kwamba mkono unavunjika. Kamba tulikuwa tumeshazifunga kwenye miguu ya ndama, na uchungu mwingine ulipokuja niliutoa mkono, nikazishika zile kamba, nikakaza mguu ukutani, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nilimsikia akisema "Acha! Acha, acha!" Sikuacha. Nilitaka tu yaishe.

Nilipoishiwa nguvu ndama alikuwa amekwama, hasogei mbele wala nyuma, na Sikitu amelala chini anahema. Mzee Issa alikifungua kitambaa, akaupaka ule mkono uliovimba sabuni, akauingiza. Sijawahi kumsikia mtu mzima akilia namna ile kwa kujizuia, meno yameuma kola ya shati. Ilimchukua muda mrefu sana. Alimrudisha ndama ndani, akamgeuza kichwa, akamtoa amenyooka vizuri kama vile kichwa cha mti cha Mwalimu Komba. Alikuwa jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji. Alikuwa amekufa. Mzee Issa alimsugua kwa majani makavu, akampulizia puani, akamshika miguu ya nyuma kwa mkono wake mzima akamninginiza, na mwisho akamlaza mbele ya mama yake, kwa kuwa mama alikuwa na haki ya kumlamba. Hakuniambia neno. Angenitukana ningeshukuru.

Jioni Mwalimu Komba alirudi, akaniagiza niandike ripoti kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa zamu. Niliandika kwa Kiingereza, kurasa mbili, kwenye kitanda changu, huku Salome akipiga pasi. Nimeandika ripoti nyingi katika kazi yangu na hakuna niliyoiandika kwa umakini kama ile. Haikuwa na uongo hata mmoja. Niliandika saa, hali ya mtamba, namna ndama alivyolala. Nikaandika kwamba Mr. Issa ali-manipulate ndama kwa dakika arobaini. Nikaandika kwamba ndama alizaliwa mfu na kwamba mtamba alipona. Kila sentensi ningeweza kuiapia. Ila katika kurasa zile mbili mimi sikuwamo. Jina langu lilikuwa chini tu, kwenye sahihi. Kesho yake Mwalimu aliisoma darasani kwa sauti, akasimama kwenye lile neno, akasema, "Mmeona? Kitenzi cha wiki, mahali pake hasa." Akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Wenzangu wakanipigia makofi, nami nikainama kama mtu mwenye haya.

Siku nne baadaye nilipeleka daftari la mahudhurio ofisini. Mlango wa Meneja ulikuwa wazi nusu, nikasikia anamsomea karani barua ya kuandika kwa taipu. Nikasimama nisubiri. "Kwamba kwa mujibu wa ripoti ya mwanafunzi," akasema Meneja, "mhudumu huyo alimchezea ndama kwa muda wa dakika arobaini hadi akafa." Taipu ikanyamaza. "Alimchezea?" karani akauliza. "Ndivyo ilivyoandikwa. Manipulate ni kuchezea. Mtu akizichezea takwimu tunasema amezimanipulate. Andika: hadi akafa. Kwa hiyo aitwe mbele ya kikao siku ya Ijumaa ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi." Nililiweka daftari sakafuni pale mlangoni, nikarudi bwenini.

Salome hakusema "nilikuambia". Namshukuru kwa hilo mpaka leo. Nilimweleza habari ya barua tu, si habari ya kamba, naye akalitatua jambo mara moja, kwa kuwa ana akili nyepesi: "Nenda siku hiyo ueleze kwamba neno lina maana mbili. Mwalimu Komba atakuunga mkono. Basi, yameisha." Nikaona ni kweli. Kamusi ingemwokoa Mzee Issa, nami ningebaki nilipo. Nililala usingizi mzuri usiku ule, jambo linaloniaibisha kuliko ripoti yenyewe.

Asubuhi nikaenda chumbani kwake kumweleza mpango wangu. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, na barua ya Meneja iko juu ya redio. Aliisikiliza hotuba yangu yote juu ya maana ya kwanza na maana ya pili. Kisha akauliza, "Na wewe, kwenye hilo neno lako, uko wapi?" Akasema kwa hasira, nami nilikuwa sijawahi kumwona na hasira ya wazi, "Mimi nina kosa langu. Nilificha mkono. Nilimwingiza mwanafunzi bila ruhusa. Wakinifukuza kwa mkono, sawa, nitakwenda nyumbani nikalime. Lakini miaka kumi na tisa na ng'ombe, halafu niende kwetu watu waulize kwa nini, niseme nilifukuzwa kwa kuchezea ndama? Hapana, binti. Hapana." Nikamuuliza anataka niseme nini. "Sijui. Mimi si mwandishi." Akainuka, akanipa mgongo, akaanza kuosha kikombe.

Kikao kilikaa kwenye chumba cha mitihani, meza moja ndefu, Meneja katikati, Mwalimu Komba kulia kwake, karani kushoto akiandika. Mzee Issa aliwekewa kiti peke yake, mkono ameuficha chini ya kofia. Niliomba kusema, nikaruhusiwa, nikaeleza neno. Nilieleza vizuri. Mwalimu Komba akadakia kwa furaha kwamba hasa, asili yake ni mkono, maana yake ni ustadi, Meneja amelipokea kwa matumizi ya ofisini. Meneja, na hili lazima nimpe haki yake, hakuwa mtu wa kung'ang'ania. Akaisoma ripoti upya polepole, akakubali. "Basi nimemkosea kwa tafsiri," akasema. "Kuchezea naifuta." Moyo wangu ukatua. Ningeweza kukaa. Nilikuwa nimeshaanza kukaa. Ndipo akaendelea: "Lakini hapo pana jambo jingine. Kama alimshughulikia ndama kwa ustadi wake wote, dakika arobaini, na ndama akafa mkononi, basi ustadi wenyewe umefika mwisho. Simfukuzi. Tumwondoe bandani, akae getini na walinzi. Bandani tutafute mtu mwingine."

Nilimtazama Mzee Issa. Hakuinua uso. Maana mbaya ya lile neno ingemfukuza kazi, na sasa maana yake nzuri ilikuwa inamtoa kwa ng'ombe, na mimi nilikuwa nimezitumia zote mbili na zote zimemwangukia yeye. Kitenzi hakikuwa na kosa. Nilichokosea ni jina la mtenda. Nikasimama tena, bila kuomba ruhusa mara hii, nikasema, "Mkono ulikuwa wangu." Meneja akauliza mkono gani. Nikasema ule uliokuwa ndani, tangu mwanzo. Kwamba ndama alikuwa hai, alikinyonya kidole changu. Kwamba niliambiwa nisukume nikavuta, nikaambiwa niache sikuacha. Kwamba Mzee Issa aliingia mwisho, na alichokiokoa ni ng'ombe wa chuo, mama, kwa mkono uliovunjika. Sauti yangu haikutetemeka. Nilidhani ningelia, kumbe nilikuwa mkavu kabisa, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kunyooka. Karani aliacha kuandika. Mwalimu Komba akamgeukia Mzee Issa: "Mkono umevunjika?" Mzee Issa akaondoa kofia.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mzee Issa alipelekwa hospitali mchana uleule, vidole viwili vikafungwa, akapewa onyo la maandishi kwa kuficha jeraha na kumwingiza mwanafunzi, akabaki bandani. Mimi alama zangu za vitendo za muhula zilifutwa, nikaamriwa nisiende likizo ndefu, nibaki nifanye kazi bandani mpaka Mzee Issa atakaposema natosha. Mwalimu Komba aliibandua ripoti yangu ubaoni kwa mkono wake. Alinikuta barazani, akasimama, akahangaika na maneno kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mwisho akasema, "Nilikupa alama za kitenzi, Eunike. Sikuuliza nani alitenda. Na mimi ni mwalimu." Akaenda zake. Salome, aliyekuwa ameisikia habari nzima kutoka kwa karani kabla sijamweleza, alininunia siku mbili kwa kumficha habari ya kamba, kisha akanirudishia blanketi langu aliloliazima.

Likizo ile Mzee Issa hakuzungumza nami isipokuwa kuniagiza. Leta maji. Shika mkia. Sogea. Wiki tatu nzima nilikula peke yangu bwaloni, meza ishirini na mimi mmoja, ugali wa uwele na maharage, nikisikia kijiko changu mwenyewe. Bado nasema ndiyo siku nilizojifunza kazi. Alinifunga macho kwa kanga akanikabidhi gunia la Mwalimu, mara kichwa cha mti kimegeuka, mara ameongeza mguu wa mti uliokunjwa, na nilipokitoa vibaya alipiga kidoko kimoja tu, nami nilijua maana yake bila tafsiri. Alinifundisha kuweka kiganja juu ya kwato changa ili zisimchane mama. Alinifundisha kusikia uchungu unavyokuja kabla haujafika, kwa namna pumzi ya ng'ombe inavyokatika. Siku moja saa saba mchana, bila sababu yoyote niliyoiona, alitoka chumbani na sahani mbili badala ya moja. Mlenda ulikuwa na karanga. Tulikula tumekaa kwenye ndoo, na alipomaliza akauliza kwetu tunalima nini.

Kabla mvua hazijaanza, ng'ombe mwingine alikwama, mchana kweupe, mguu mmoja wa ndama umekunjwa nyuma. Vidole vya Mzee Issa vilikuwa vimeshafunguliwa, angeweza kuingia mwenyewe. Akaegemea ukuta akawasha redio. Niliosha, nikaingia, nikausikia mguu, nikasukuma kifua. Uchungu ukaja ukanibana, nikasubiri. Uliniumiza sawasawa na ule wa kwanza, kwa kweli labda zaidi, lakini nilijua kwamba utapita na kwamba upande wa pili wake nina nafasi ya kupumua mara tano. Nikazitumia. Nikaifunika kwato kwa kiganja, nikaukunjua mguu, nikasubiri tena, kisha ndama akaja mwenyewe karibu bila kuvutwa, akapiga chafya juu ya magoti yangu. Nililia basi, machozi yaliyochelewa. Mzee Issa akapunguza sauti ya redio, akamkagua ndama kitovu na pua, akamkagua mama, akaniambia, "Kaandike."

Sikuacha kuandika tangu siku hiyo. Nilianza kazi Haneti, nikaenda Kondoa, nikarudi Dodoma, nikafundisha maafisa ugani wengi wao sasa wana mvi, na kila aliyeniletea ripoti yenye "ilifanyika" na "ilitendeka" nilimrudishia na swali moja: na nani? Waliniita mkali. Nilikuwa mkali. Sina majuto.

Siku ya arobaini tulikwenda na Salome kwa gari lake, yeye anaendesha, mimi namwonyesha mashimo. Kwa Mtoro tulipokelewa na sauti za vidoko pande zote, na mara hii wala hatukutazamana. Baada ya dua tuliingia kwa wanawake, tukampa mkono mjane, Bi Mwanaidi, mama mwembamba mwenye macho makali, tukamwamkia. Aliitikia, akaushika mkono wangu hakuuachia. Akaugeuza, akautazama kiganja na kiwiko. "Wewe ndiye Eunike wa ndama," akasema. Nikasema ndiye mimi, mama, na kwamba nimekuja pia kuomba radhi, kwa maana mumewe karibu apoteze kazi kwa sababu yangu.

"Habari ya ndama alikuwa anaipita mbio," akasema Bi Mwanaidi. "Hata sijui alikuwa wa rangi gani. Ya kikao ndiyo aliyokuwa anairefusha. Kila aliyekuja kuposa hapa, kila mjukuu aliyesema uongo, lazima aisikilize. Binti akasimama mbele ya wakubwa, akasema mkono ulikuwa wangu, Meneja akaanguka na kiti chake, chali, miguu juu."

Wanawake wote mkekani wakacheka, hata waliokuwa wanajipangusa machozi. Salome akaniangalia. "Hakuanguka, mama," nikasema. "Alikaa tu akanyamaza."

"Hapa kwetu alianguka," akasema Bi Mwanaidi, akanisogezea sahani ya pilau.

Miaka yote hiyo nimewarudishia watu ripoti kwa makosa madogo kuliko lile. Nikanawa mkono, nikala, nikamwacha Meneja aanguke.